Kwa nini skoni ya matunda haitaki mkono uliozoea kukanda

Mtu aliyekulia Goma na kujifunza jikoni kwa kukaanga mandazi huianza skoni akiwa na mzigo ambao hajui kwamba ameubeba. Viganja vyake vimefundishwa tangu utotoni kwamba unga wa ngano usipokandwa hautoi kitu cha maana, kwamba donge lisipoachwa lipumzike halifumuki, na kwamba donge zuri ni lile linalong'aa na kuteleza mkononi. Mafunzo hayo yote ni ya kweli kwa mandazi na kwa mkate, na yote huiharibu skoni. Ndiyo maana mapishi yanayoenea kwenye kipande kidogo cha karatasi, yaani unga, siagi, sukari, maziwa, zabibu kavu na beking pauda, huwatoa jasho watu ambao wangeweza kuwapikia chapati wageni wa harusi bila kuhema. Nia yangu hapa ni kueleza kinachotokea ndani ya donge la skoni, kwa sababu anayekariri vipimo bila kukielewa kitu hicho hukwama siku anapobadilisha unga, siagi au jiko, na sisi wa Goma hubadilisha vyote vitatu mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Skoni ni kimkate cha Waskoti. Hapo kale kilitengenezwa kwa unga wa oti au wa shayiri, kikapigwa bapa na kuokwa juu ya bamba la chuma, na jina lake limo katika maandishi ya Kiskoti tangu mwanzoni mwa karne ya 16. Skoni iliyoinuka, yenye ubavu uliopasuka, ilibidi isubiri hadi karne ya 19, kwa kuwa kitu kinachoiinua kilikuwa bado hakijatengenezwa. Mwaka 1843 mkemia Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, ambaye mke wake alidhurika akila chakula chenye hamira, alitengeneza beking pauda ili mke huyo naye apate kula mkate. Miaka miwili baadaye Henry Jones wa Bristol alipata hataza ya unga wa ngano uliokwisha kuchanganywa na kiinuzi cha aina hiyo. Waingereza wangali wanabishana kama malai hupakwa kabla ya jamu au jamu kabla ya malai, watu wa Devon upande huu na wa Cornwall upande ule; ubishi huo tuwaachie wenyewe, kwani haugusi donge hata kidogo.

Tuanze na unga, kwa sababu ndiko kosa la kwanza linakozaliwa. Ndani ya unga wa ngano mna protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikilowana na kusukwasukwa hushikana na kuwa utando unaonyumbuka uitwao gluteni. Utando huo humwezesha mwoka mikate kuifungia hewa ya hamira ndani ya donge kwa saa nzima, na ndio unaolifanya andazi livutike kabla ya kukatika. Kadiri donge linavyokandwa, nyuzi hizo hupangana na kukaza. Skoni nayo huhitaji gluteni, lakini kidogo tu, ya kuishikilia isimeguke ikiwa bado mkononi. Ikizidi, donge hujirudi kama mpira kila linapokandamizwa, hewa hushindwa kulisukuma juu, na kinachotoka kwenye oveni ni kitu cha kutafunwa kwa bidii. Unga wa mikate huwa na protini kati ya asilimia 11 na 13, na unga laini wa keki na skoni huwa na asilimia 8 hadi 10. Mwenye pakiti anaweza kusoma kiasi hicho ubavuni mwake. Anayenunua sokoni kwa kipimo cha gigozi, yaani kopo la maziwa ya unga, hana cha kusoma, na salama yake ni kuondoa sehemu moja ya kumi ya unga huo na kuweka mahali pake wanga wa mahindi, ule ambao madukani tunauita maizena. Wanga hauna gluteni, kwa hiyo huupunguzia unga nguvu. Unga wa muhogo tunaosongea fufu usiingizwe hapa hata kama rangi yake inavutia. Muhogo wake umevundikwa, na harufu hiyo haifichwi na zabibu wala vanila.

Niliwahi kumwalika nyumbani mama mmoja anayekaanga mandazi Birere, mtaa wa hapa Goma, mtu ambaye mikono yake inaheshimiwa na mtaa mzima, ili tuoke pamoja. Nilikuwa nimekwisha kumimina maziwa na kuzungusha kisu ndani ya bakuli mara kumi hivi, na donge lilikuwa limeshikamana kwa taabu, lina nyufa, lina unga mkavu huku na kule. Alilitazama kwa huruma. "Mwanangu, hili bado halijawa kitu," akasema, na kabla sijajibu alikuwa amelipindua mara tatu kwa kisigino cha kiganja. "Mama, tuligawe basi," nikamwomba, "wewe fanya lako na mimi langu." Lake alilikanda dakika tano mpaka likang'aa. Langu nililikunja mara nne, nikaliacha na makunyanzi yake. Zilipoiva, za kwake zilikuwa na uso laini na umbo la kupendeza, lakini kimo chake kilikuwa nusu ya kimo cha zangu, na ukizibonyeza zinarudi kama sifongo. Zangu zilikuwa zimechanika ubavuni na kuinama kidogo upande mmoja. Aliimega moja, akaitafuna polepole, akanyamaza, kisha akauliza kama haiwezi kukaangwa. Haiwezi, nami nilimweleza sababu: donge lisilo na utando wa gluteni hunywa mafuta na kusambaratika ndani ya karai. Jibu hilo lilimridhisha kuliko maelezo yangu yote ya mwanzo, kwa sababu lilimwonyesha kwamba kukanda kwake hakukuwa kosa, ila kulikuwa ni kwa kazi nyingine.

Kitu cha pili kinachozuia gluteni ni siagi, na hapa hali ya hewa ya Goma hutupendelea. Siagi ni mafuta kwa takriban asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Ikifikichwa ndani ya unga mkavu kabla ya maziwa kumiminwa, mafuta huzivika chembe za unga koti jembamba linalozuia maji yasizifikie protini. Wakati huohuo vipande vidogo ambavyo havikufikichika hubaki kama punje za dengu ndani ya donge. Donge likiingia motoni, vipande hivyo huyeyuka na kuacha nafasi, maji yake hugeuka mvuke, na mvuke huo huinua tabaka lililo juu yake. Lakini siagi huyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35 za Selsiasi, ambayo ni chini ya joto la mwili, na huanza kulegea mapema zaidi. Ikiyeyuka mkononi, haivai chembe za unga tena bali huzilowesha, na hakuna kipande kitakachobaki cha kuacha nafasi. Kwa hiyo hufikichwa kwa ncha za vidole, ambazo ni baridi kuliko kiganja, na huachwa mara tu mchanganyiko unapofanana na unga wa mahindi uliosagwa kwa chenga. Mwenzetu wa Kisangani au wa Dar es Salaam hulazimika kuiweka siagi kwenye friji mpaka iwe jiwe, lakini hapa kwetu siagi iliyolala usiku mmoja dirishani upande wa kivuli huwa ngumu ya kutosha asubuhi, hata katika nyumba ambayo umeme huja na kuondoka. Majarini nayo inafaa, mradi iwe ile ngumu ya kupikia. Ile laini ya kupaka kwenye mkate mara nyingi ina maji mengi na mafuta machache, na skoni zake hukauka upesi.

Sasa tuje kwenye hewa, ambayo ndiyo fundo lenyewe. Skoni haina hamira, yaani haina viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa gesi polepole. Badala yake ina bikaboneti ya sodiamu, ambayo wengine huiita magadi soda. Ikikutana na asidi mahali penye maji, bikaboneti hutoa kabonidioksidi papo hapo. Ikipashwa moto bila asidi, hutoa gesi hiyohiyo lakini kwa uchache, na huacha nyuma chumvi yenye ladha ya sabuni na madoa ya manjano. Beking pauda ni bikaboneti iliyowekwa pamoja na asidi kavu, na wanga kidogo wa kunyonya unyevu ili viwili hivyo visianze kazi vikiwa kwenye kopo. Nyingi zinazouzwa leo hufanya kazi mara mbili: sehemu ya asidi yake huamka inapolowa, na sehemu nyingine hulala mpaka iguswe na joto. Watu wa Goma na Sake wanaijua gesi hii kwa upande wake mbaya, kwani ndiyo hasa iliyomo ndani ya mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, ikiua mbuzi waliolala na watu walioinama. Kuwa nzito kuliko hewa ya kawaida hakuisaidii skoni kwa lolote. Kinachoisaidia ni kwamba gesi hiyo huzaliwa ndani ya donge lenyewe, ikanaswa katika vitundu vidogo, na ikapanuka kwa joto kabla donge halijakauka.

Kutokana na hayo, muda una maana kubwa kuliko nguvu. Mara maziwa yanapogusa unga, sehemu ya kwanza ya gesi huanza kutoka, na kila dakika ya kuchezea donge ni gesi iliyopotea. Mwenye mandazi hufunika donge lake akaenda zake sokoni. Mwenye skoni huwasha oveni kwanza, halafu ndipo ashike maziwa. Ikiwa beking pauda ni ya kufanya kazi mara mbili, skoni zilizokwisha kukatwa zinaweza kungoja robo saa bila hasara, na hata zikafaidika kidogo kwa sababu gluteni hulegea. Zaidi ya hapo sishauri.

Kuna mkanganyo mmoja wa lugha ambao kwetu huleta hasara ya kweli. Pakiti nyingi zinazofika Goma zina maandishi ya Kifaransa, na Kifaransa hutumia neno «levure» kwa hamira na kwa beking pauda pia: ya kwanza ni ya mwoka mikate, «levure boulangère», na ya pili ni ya kikemia, «levure chimique». Mara ya kwanza nilipooka skoni nilimwambia mwuza duka wa mtaani kwamba nahitaji «levure» tu, naye akanipa alichokuwa akiuza kila siku. Nikachanganya, nikakata, nikaoka mara moja kama maandishi yalivyoagiza. Hamira haikupata hata nafasi ya kuamka kabla ya kufa motoni, na skoni 12 zilitoka zikiwa bapa na ngumu kama vipande vya lava vilivyotapakaa uani kwetu. Tangu hapo nafungua pakiti na kutazama: hamira kavu ni punje ndogo za rangi ya udongo zenye harufu ya pombe ya nyumbani, ilhali beking pauda ni unga mweupe usio na harufu. Ikiwa imekaa dukani muda mrefu, nusu kijiko cha chai kikimwagiwa maji ya moto lazima kitoe povu kwa kishindo. Kikinung'unika tu, unyevu ulikwisha kuitumia kabla yako.

Mwinuko ni jambo ambalo mapishi ya Uingereza hayalitaji, kwa sababu waandishi wake wako karibu na usawa wa bahari. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kimo hicho huleta mambo mawili. La kwanza ni kwamba kanieneo ya hewa hapa ni pungufu, karibu asilimia 83 ya ile ya pwani, na hivyo gesi ileile hupanuka kwa takriban moja ya tano zaidi. Skoni iliyowekewa beking pauda ya kipimo cha London huinuka upesi mno, vitundu vyake huvunjika kabla kuta hazijashika, kisha huketi chini ikiwa na shimo katikati. Watu wengi wakiona skoni imeketi huongeza beking pauda, na hapo huwa wanakichochea kilekile kinachowaangusha. Dawa ni kuipunguza kwa sehemu moja ya tano. La pili ni kwamba maji huchemka kwetu kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, na hutoka ndani ya donge kwa wepesi zaidi. Donge la Goma lahitaji kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maziwa ya ziada, na moto mkali kidogo, ili umbo lishike kabla unyevu haujatoroka. Wa Bukavu wako katika hali hiyohiyo. Wa Lubumbashi, walio chini yetu kwa mita 200 au 300, wapunguze kwa kiasi kidogo zaidi.

Maziwa ninayoyapenda kwa kazi hii ni mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, kwa sababu asidi yake huipa bikaboneti mwenzi wa ziada na hulainisha gluteni. Ukitumia mashanza, ongeza robo ya kijiko cha chai cha bikaboneti juu ya beking pauda. Ukitumia maziwa ya kawaida, bikaboneti hiyo iache, isije ikabaki pweke na kuleta ladha ya sabuni. Asiyepata mashanza aweke vijiko viwili vikubwa vya juisi ya ndimu au ya marakuja ndani ya maziwa na kuyaacha dakika kumi. Yatakatika na kuonekana mabaya, lakini ndiyo yanayotakiwa.

Matunda ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote, kwa kuwa ndipo wengi hudhani kwamba soko letu lililojaa mananasi na stroberi ni faida isiyo na masharti. Tangu asili skoni ya matunda hutumia zabibu kavu, na sababu si umaskini wa bustani za Uingereza. Zabibu kavu ina maji kama asilimia 15 tu. Stroberi ina asilimia 90 hivi, nanasi zaidi ya 80. Gramu 100 za stroberi mbichi zikipasuka ndani ya oveni huingiza kwenye donge maji yanayokaribia nusu kikombe cha chai ambayo hukuyapima, na mahali palipozunguka tunda hubaki pabichi hata kama ukoko umeungua. Zabibu kavu ina kasoro iliyo kinyume na hiyo: ikiingia kavu kabisa, hunyonya unyevu wa donge, na zile zilizojitokeza juu huungua na kuwa chungu. Kwa hiyo mimi huzilowesha kwenye chai ya rangi yenye moto kwa dakika 20, kisha huzichuja na kuzikausha kwa kitambaa mpaka zisiache alama juu yake. Baada ya kukata, zinazochungulia juu huzisukuma ndani kwa kidole.

Nanasi lina hila zaidi. Mbali na maji yake, lina asidi inayoiamsha bikaboneti kabla ya wakati, na lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunja protini. Nanasi bichi likikaa ndani ya maziwa, maziwa hukatika na kuwa machungu. Joto hukiua kimeng'enya hicho, na kupika huondoa maji, kwa hiyo tatizo hilo lina suluhisho moja tu na ni rahisi. Kata gramu 300 za nanasi vipande vya ukubwa wa maharagwe, tia vijiko vitatu vikubwa vya sukari, na pika bila kufunika mpaka maji yote yaishe na vipande vigandamane kama gundi. Hubaki gramu 100 hivi, zenye rangi ya asali, na ladha yake, nikiruhusiwa kusema wazi, huzishinda zabibu za dukani. Acha zipoe kabisa kabla ya kuzichanganya, vinginevyo zitayeyusha siagi uliyohangaika kuilinda.

Stroberi, na lile tunda jekundu la mti ambalo wengi wetu huliita «prune du Japon», huleta ajabu nyingine ambayo imewatia watu hofu bure. Rangi yao nyekundu inatokana na vitu viitwavyo anthosianini, ambavyo huwa vyekundu penye asidi na huelekea buluu au kijivu penye alikali. Bikaboneti ni alikali. Pale ilipozidi, tunda huzungukwa na duara la rangi ya wino, na mtu hudhani sufuria imetoa kutu. Hakuna sumu hapo. Ni ishara tu kwamba bikaboneti ilikuwa nyingi au haikuchanganyika sawasawa. Matunda haya ningependa yapikwe jamu na kupakwa juu ya skoni iliyokwisha kuiva. Kwa ndizi sina la kushauri: hulifanya donge kuwa keki, na keki ni habari nyingine.

Vipimo ninavyotumia kwa skoni nane ni hivi: unga gramu 300, ambazo 30 kati yake ni maizena, siagi baridi gramu 75, sukari gramu 40, au 20 kama tunda ni nanasi lililopikwa, beking pauda vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, ambavyo pwani vingekuwa viwili na nusu, robo kijiko cha bikaboneti kwa ajili ya mashanza, chumvi nusu kijiko, matunda gramu 100, na mashanza mililita 170 hadi 190. Matunda yakizidi theluthi ya uzito wa unga, donge hulemewa. Vikavu huchekechwa pamoja mara mbili, kwa kuwa bonge la bikaboneti lililobaki zima huonekana baadaye kama doa la manjano. Siagi hufikichwa, sukari na matunda hufuata, kisha mashanza humiminwa yote kwa mara moja, si kwa matone, na kisu butu huzungushwa mpaka pasiwe na unga mkavu chini ya bakuli. Donge liwe la kunata kidogo. Likiwa kavu na la kutii, limekosa maji. Juu ya meza iliyonyunyizwa unga, likunje mara tatu au nne, lipapase kwa kiganja hadi unene wa sentimita 3, na ulikate.

Ukataji una siri yake. Ukitumia glasi yenye mdomo mnene na kuizungusha kama unayefunga kizibo, kingo za donge hugandamizwa na kufungwa, na skoni huinuka upande mmoja. Kopo jembamba lililotobolewa upande wa juu, likichovywa kwenye unga na kushushwa wima, hukata vizuri kuliko glasi. Kisu kikali cha kukatia miraba ni bora zaidi, maana hakiachi mabaki ya kukandwa upya. Yai la kupaka lipakwe juu tu. Likichuruzika ubavuni huganda haraka na kuzifunga tabaka zisifunguke. Zipange zikikaribiana, zikiacha upana wa kidole, zipate kuegemeana na kwenda juu badala ya kutanuka.

Katika oveni ya umeme, nyuzijoto 220 hadi 230 kwa dakika 12 hadi 15 zinatosha. Nyumba nyingi za Goma, hata hivyo, hupika kwa makala. Msomaji wa Mombasa asishangae: huku kwetu makala ni mkaa, si maandishi, na gunia lake hufika mtaani likiwa juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa. Oveni ya mbabula, yaani jiko la mkaa, si duni kwa skoni, maana joto linalotoka juu na chini kwa pamoja ndilo linalotakiwa. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza ndani mchanga mkavu wa unene wa sentimita 3, weka mawe matatu madogo ya kubebea sinia, funika, na panga makala yaliyokolea: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Mchanga ukaushwe kabisa kabla, kwa sababu ukiwa na unyevu hujaza sufuria mvuke na skoni hubaki nyeupe kama zilizochemshwa. Kazi hii ifanyiwe uani, kwani moshi wa makala una monoksidi ya kaboni isiyo na harufu.

Baada ya dakika 25 pima moto kwa njia waliyoitumia waoka wa zamani wasio na kipimajoto: nyunyiza kijiko cha unga juu ya bati dogo, liweke ndani, na funika kwa dakika tano. Unga ukiwa wa kahawia hafifu, moto bado ni mdogo. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, ingiza sinia. Ukiwa mweusi, ondoa makala machache juu na ungoje. Usifunue kabla ya dakika kumi. Skoni iliyoiva huwa imekauka ubavuni pale ilipopasuka, na ukiigonga chini hutoa sauti ya kitu chepesi.

Huliwa siku ileile, na hili nalo lina sababu. Wanga uliolowana na kuvimba motoni huanza kujipanga upya kadiri unavyopoa, ukisukuma maji nje ya chembe zake, na jambo hilo huenda kasi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani. Kwa hiyo skoni za kesho zifungwe kwa kitambaa safi na kuwekwa kabatini. Asubuhi nyunyizia maji kidogo, zirudishe kwenye sufuria ileile ya mchanga juu ya makala ya jana yaliyopulizwa yakashika, na funika dakika tano. Wanga ukipata joto la nyuzi 60 hivi hulegea tena, na skoni hutoka laini kiasi kwamba siagi huyeyuka juu yake kabla kisu hakijafika ukingoni. Mama wa Birere huja kwa ajili ya hizo za asubuhi, na huchagua zilizopasuka zaidi.